Mtaa Unahitaji Kiti, Lakini Unahitaji Zaidi Kujibiwa

Ghasia zilipotulia Los Angeles mwanzoni mwa Mei 1992, wakazi na wenye maduka wa Koreatown walishika mafagio wakaanza kuzoa vioo na majivu. Mtaa wao ulikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoporwa na kuchomwa zaidi. Walipowaendea viongozi wao kuomba msaada wa kusafisha na kujenga upya, kila ofisi iliwaelekeza kwa ofisi nyingine: eneo hilo si letu, nendeni kwa fulani. Chanzo kilikuwa ramani. Wachoraji wa mipaka ya uchaguzi walikuwa wameukata mtaa huo katika kata nne za udiwani na majimbo matano ya bunge la California. Mtaa wenye mabango yake, makanisa yake na lugha yake haukuwa na diwani hata mmoja ambaye kuchaguliwa au kuangushwa kwake kulitegemea kura zake. Ulikuwa pembe ya kata nne za watu wengine.

Wanaopigania mipaka ya haki hukitaja sana kisa hicho, na wana sababu. Mimi nakitaja kwa jambo lililomo ndani yake ambalo mijadala ya uwakilishi wa mitaa hulipita haraka. Wale watu hawakwenda kuomba kiti. Walikwenda na swali la kawaida kabisa: nani atakuja kuondoa kifusi, na lini? Walichokosa ni mtu aliyelazimika kuwajibu. Kiti kwenye baraza la jiji ni njia mojawapo ya kumpata mtu huyo, na kwa maoni yangu ni njia ambayo jiji kubwa haliwezi kuikwepa. Lakini mtaa unaweza kupewa kiti na bado usijibiwe. Ndiyo maana naamini haki ya kujibiwa inapaswa kuandikwa kwenye sheria kivyake, bila kungojea wema wa aliyekalia kiti.

Nianze na kiti, maana wapo wanaoamini kwa dhati kwamba diwani wa jiji zima ni bora kuliko diwani wa kata. Hoja yao ina zaidi ya karne. Tarehe 8 Septemba 1900 kimbunga kiliupiga mji wa Galveston, Texas, kikaua watu wasiopungua 6,000. Ili kujijenga upya, mji uliachana na baraza la kawaida ukaweka tume ya watu watano, kila mmoja na idara yake, wote wakihudumia mji mzima. Kazi ilionekana kwenda, na mamia ya miji ya Marekani ikaiga mfano huo katika miaka iliyofuata. Pamoja nao ulienea uchaguzi wa jiji zima: kila mpiga kura anachagua wajumbe wote, kata hakuna. Wanamageuzi wa wakati ule walisema kata zinazaa ufisadi, kwamba diwani wa kata hununua kura kwa ajira na fadhila, na huona jiji linaishia pale kata yake inapoishia. Hawakuwa wakizusha. Siasa za kata katika miji mingi zilikuwa chafu kweli.

Ila itazame dawa hiyo ilimwondoa nani barazani. Mwaka 1911 Pittsburgh ilifuta mabaraza yake mawili yaliyokuwa na wajumbe wa kata, ikaweka baraza moja dogo la watu tisa wa jiji zima. Mabaraza ya zamani yalikuwa na wenye maduka madogo, mafundi na wafanyakazi wa viwandani. Lile jipya likajaa wafanyabiashara wakubwa na wataalamu. Uchafu ulipunguzwa, na pamoja na uchafu wakatolewa watu waliojua bomba gani limepasuka na nyumba ipi imejaa maji.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Chukua jiji ambalo theluthi moja ya watu wake wanaishi upande mmoja, wana shida zao na wagombea wao. Likigawanywa kata tisa, watu hao watapata viti viwili au vitatu. Uchaguzi ukiwa wa jiji zima, kila kiti kikipigiwa kura peke yake, theluthi mbili zilizobaki zinaweza kuchukua kiti cha kwanza, cha pili, mpaka cha tisa. Theluthi moja ya jiji inashindwa mara tisa kwa siku moja, na hakuna aliyeiba kura hata moja. Ongeza gharama. Kampeni ya jiji zima inataka matangazo, wafadhili na jina linalojulikana, wakati kampeni ya kata mtu anaweza kuifanya kwa miguu, mlango hadi mlango.

Mobile, Alabama, iliishi ndani ya hesabu hiyo tangu 1911. Makamishna watatu walichaguliwa na mji mzima, na ingawa Wamarekani Weusi walikuwa zaidi ya theluthi moja ya wakazi, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuingia kwenye tume. Wakazi walikwenda mahakamani. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwaambia kwamba matokeo hayatoshi, lazima wathibitishe nia ya kubagua. Miaka miwili baadaye Bunge la nchi hiyo lilirekebisha Sheria ya Haki za Kupiga Kura ili matokeo nayo yahesabike, na kesi iliporudi kusikilizwa upya, nia yenyewe nayo ilithibitishwa kwa nyaraka za zamani. Mwaka 1985 Mobile ilichagua baraza jipya la kata saba. Weusi watatu waliingia. Wakazi walikuwa walewale, na kilichobadilika ni mistari kwenye ramani.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba madiwani wa kata “wanagawa jiji”, nauliza jiji hilo lilikuwa limeunganishwa kwa faida ya nani.

Portland, Oregon, ina somo gumu zaidi, kwa sababu ndiko ambako watu wengi duniani walikuwa wakipelekwa kuona jinsi mitaa inavyosikilizwa. Mwaka 1974 jiji hilo lilianzisha ofisi ya kuhudumia vyama vya mitaa, na baadaye vyama vilivyotambuliwa vikapita 90. Mwaka huohuo wa 1974, baada ya upinzani mkubwa wa wakazi, jiji liliachana na mradi wa barabara kuu ya Mount Hood ambayo ingebomoa nyumba nyingi. Sifa hiyo ilistahili. Lakini muda wote huo, tangu 1913, baraza lenyewe lilibaki tume ya watu watano waliochaguliwa na jiji zima, kila kamishna akiendesha idara. Mashariki ya jiji, maeneo yaliyomezwa na mipaka ya Portland katika miaka ya 1980 na 1990, yaliingia yakiwa na barabara zisizo na lami na njia zisizo na sehemu ya waendao kwa miguu. Vyama vya mitaa walikuwa navyo. Mikutano walifanya. Barazani, hata hivyo, waliokaa kwa miongo mingi walikuwa watu wa maeneo mengine. Mwaka 2022 wapiga kura waliufuta mfumo wote. Sasa jiji lina kanda nne, kila kanda ina madiwani watatu wanaochaguliwa kwa kura ambayo mpiga kura huwapanga wagombea kuanzia yule anayemtaka zaidi, na baraza la watu 12 lilianza kazi Januari 2025.

Utaratibu huo wa viti vitatu kwa kanda moja unanivutia kuliko kata ya kiti kimoja, na sababu nitaigusa nikifika kwenye swali la nani hasa ndiye mtaa. Kwa sasa nataka kilichotangulia kionekane wazi: miaka hamsini ya ushirikishwaji wenye sifa haikutosha kuziba pengo la kukosa kiti.

Sasa geuza upande wa pili. Desemba 2021 Los Angeles ilipitisha ramani mpya, na Koreatown, karibu miaka thelathini baada ya majivu yale, ikawekwa ndani ya kata moja, Kata ya 10. Watu walishangilia na walistahili. Ila miezi miwili kabla, diwani wa kata hiyohiyo alikuwa amesimamishwa na baraza baada ya kufunguliwa mashtaka ya rushwa katika mahakama ya shirikisho. Ramani ilipoanza kutumika Januari 2022, mtaa uliounganishwa kwa jasho la kizazi kizima ulijikuta chini ya kiti kisicho na diwani wa kuchaguliwa anayepiga kura. Mvutano wa nani akikaimu ulikwenda mahakamani ukachukua sehemu kubwa ya mwaka.

Hapo ndipo ninapoachana na wale wanaodhani kazi inaisha ramani ikishachorwa vizuri. Kiti ni mtu. Mtu hushtakiwa, huugua, huhama chama, huchoka, na mara nyingine hukaa miaka mitano akiwa mzima wa afya asimjibu mtu yeyote. Chicago imekuwa na kata 50 tangu 1923, na mkazi wa Chicago hawezi kulalamika kwamba diwani wake yuko mbali. Lakini huko ilijengeka desturi kwamba diwani akikataa jambo katika kata yake, kibali, leseni au mabadiliko ya matumizi ya ardhi, madiwani wengine 49 wanamwachia. Desturi hiyo ilimfanya diwani kuwa mlinda lango wa kata, na lango likikaa mikononi mwa mtu mmoja, kuna watakaolipa ili lifunguliwe. Orodha ya madiwani wa Chicago waliohukumiwa kwa makosa ya jinai tangu miaka ya 1970 ni ndefu mno. Mei 2019 meya mpya, Lori Lightfoot, alitia saini amri ya kupunguza nguvu hiyo siku aliyoapishwa, na ilikuwa ishara ya jinsi tatizo lilivyokuwa limekomaa.

Ukaribu pekee, basi, hautoshi. Mtaa unahitaji vitu vinavyobaki hata diwani akiwa hayupo, au yupo na hafai. Nitaanza na muda, kwa sababu naona ndiko wengi wanakopoteza bila kujua kwamba wamepoteza.

Mradi wa jiji una maisha marefu kabla ya siku unapoonyeshwa kwa watu. Kuna upimaji, kuna mshauri aliyelipwa kuchora, kuna fungu lililotengwa kwenye bajeti ya mwaka, kuna zabuni. Kila hatua inakula fedha, na kila fedha iliyoliwa inaufanya mradi uwe mgumu zaidi kubadilishwa. Mkutano wa wananchi ukiwekwa mwishoni mwa safari hiyo, ofisa anayekuja mbele ya watu hana tena nafasi ya kusikiliza. Kazi yake imekuwa kutetea, na hahitaji kuwa mtu mbaya ili iwe hivyo.

Nimewahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo. Ramani ilibandikwa ukutani, ya rangi, imechorwa kwa ustadi. Mama mmoja alisimama akauliza kwa nini mtaro umeelekezwa kwenye bonde ambalo maji hutuama kila mvua kubwa ikinyesha. Mhandisi alikubali mbele ya wote kwamba hoja yake ni ya kweli. Kisha akaeleza kwamba mkataba umeshasainiwa. Yule mama alijua kitu ambacho upimaji wa wataalamu haukukiona, na angekisema bure miezi mingi nyuma kama kuna mtu angemuuliza. Jiji lilinunua mtaro mbovu kwa sababu lilimwalika mjuzi wake siku ya mwisho. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia wananchi “walishirikishwa”, swali langu la kwanza ni tarehe.

New York imeliweka suala la muda kwenye sheria kwa namna inayostahili kusomwa. Jiji limegawanywa katika mabaraza 59 ya jamii, kila moja likiwa na wajumbe wasiozidi 50 wasiolipwa mshahara. Mabadiliko makubwa ya matumizi ya ardhi, yale yanayopita kwenye utaratibu rasmi ulioanza katika miaka ya 1970, hufika kwanza kwenye baraza la jamii, nalo lina siku 60 za kuitisha mkutano na kutoa maoni kabla jambo halijapanda kwa rais wa manispaa (mkuu wa mojawapo ya sehemu tano za jiji), tume ya mipango na baraza la jiji. Maoni yake hayamfungi mtu. Watu wengi huishia hapo na kusema mabaraza hayo hayana meno. Naona wanakosea kwa nusu. Mwekezaji anayejua kwamba hakuna njia ya kulikwepa baraza la jamii huanza kuzungumza na mtaa kabla ya kuwasilisha maombi, kwa sababu anataka zile siku 60 zipite salama. Tarehe isiyokwepeka inaumba mazungumzo ambayo sheria yenyewe haikuyataja. Kasoro kubwa ninayoiona iko kwingine: wajumbe hao hawachaguliwi na wakazi. Huteuliwa na rais wa manispaa, nusu yao kwa kupendekezwa na madiwani wa eneo, na mpaka wapiga kura walipoweka ukomo wa vipindi mwaka 2018, mtu aliweza kukaa humo miongo kadhaa.

Los Angeles ilichukua njia nyingine. Bonde la San Fernando lilikuwa likitishia kujitenga na jiji, likidai kodi zake zinaliwa mbali na mitaa yake, na katiba mpya ya jiji ya 1999 ilizaa mabaraza ya mitaa kama sehemu ya jibu. Kura ya kujitenga ilipigwa 2002 ikashindwa, lakini mabaraza yalibaki, na leo yanakaribia mia. Wajumbe huchaguliwa na wanaoishi, wanaofanya kazi au wenye mali katika eneo. Katiba inaagiza mabaraza hayo yapewe taarifa mapema iwezekanavyo na nafasi ya kutosha ya kusema kabla uamuzi haujafanywa. Ni maneno mazuri, na ningetamani kila jiji liwe nayo.

Lakini tazama yanavyokutana na kalenda. Sheria ya California inataka ajenda ya kikao cha kawaida ibandikwe saa 72 kabla ya kikao, na mabaraza ya mitaa nayo yanafungwa na sheria hiyohiyo. Jambo likijitokeza kwa mara ya kwanza kwenye ajenda ya baraza la jiji saa 72 kabla, baraza la mtaa haliwezi kubandika ajenda yake na kukaa kikao cha kawaida kwa wakati. Labda liitishe kikao maalumu haraka, na wajumbe wake ni watu wa kujitolea, wenye ajira na watoto. Neno “mapema” lisipopewa idadi ya siku, linabaki kuwa nia njema. Na hiyo ni katika jiji ambalo madiwani ni 15 tu, idadi iliyowekwa 1925, wakati wakazi sasa wanakaribia milioni nne. Kila diwani ana watu zaidi ya 250,000. Hakuna binadamu anayeweza kuwajibu.

Tuje kwenye swali ninalojua litawaudhi baadhi ya wanaharakati wenzangu. Mtaa ukipewa muda na kiti, nani anaingia mkutanoni?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walisoma kumbukumbu za mikutano ya mipango na ujenzi katika miji 97 ya Massachusetts. Waliosimama kuzungumza walikuwa wazee kuliko wakazi wa kawaida, wanaume zaidi, wenyeji wa muda mrefu zaidi, na wenye nyumba zaidi kuliko wapangaji. Asilimia 63 hivi walizungumza kupinga nyumba mpya, na waliounga mkono walikuwa takriban asilimia 15. Sina sababu ya kuwaona watu hao kuwa wabaya. Wana muda, wana mali ya kulinda, wanajua jinsi kikao kinavyoendeshwa. Ila maneno yao yanaandikwa kwenye kumbukumbu kama “maoni ya mtaa”. Mpangaji wa chumba kimoja aliyekuwa zamu ya usiku hayumo. Familia ambayo ingepata makazi nyumba hizo zingejengwa haimo kabisa, kwa sababu bado haijawa ya mtaa ule.

Seattle ililikabili jambo hili mwaka 2016 kwa hatua iliyozua kelele nyingi: meya alikata uhusiano rasmi wa jiji na mabaraza 13 ya wilaya yaliyokuwapo tangu miaka ya 1980, akisema yanahudhuriwa zaidi na wazungu wenye umri mkubwa na wenye nyumba katika jiji linalozidi kuwa la wapangaji. Utambuzi wake wa ugonjwa naukubali. Upasuaji wake siukubali. Ukivunja chombo kwa sababu kinakaliwa na wachache, waliokuwa nje hawawi ndani kwa kitendo hicho. Wenye nyumba wana mawakili na namba za simu za madiwani, na watasikika hata bila baraza. Mpangaji ndiye aliyehitaji chombo chenye utaratibu, na ndiye aliyekipoteza kabla hajakitumia.

Ningefanya kinyume. Ningetenga viti vya wapangaji kwenye baraza la mtaa kwa kadiri ya idadi yao. Ningeweka ukomo wa vipindi. Ningepeleka mikutano saa na mahali pa watu wa zamu, na pawe na wa kushika watoto. Na hapa ndipo kanda ya madiwani watatu inapokuwa bora kuliko kata ya mmoja: mwenye nyumba na mpangaji wanaoishi ukuta kwa ukuta wanaweza kila mmoja kuwa na mtu wake barazani, bila mmoja kusubiri mwenzake ashindwe. Jambo moja nisingelitoa kwa baraza lolote la mtaa ni turufu ya kuzuia watu wengine wasiishi karibu nalo. Mtaa una haki ya kusema mtaro upite wapi na kituo cha basi kikae wapi. Ukipewa mamlaka ya kusema nani asihamie, utakuwa unawaamulia watu wasio na kura mkutanoni.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi, maana Porto Alegre ilishasema. Chama cha Wafanyakazi kilipoingia madarakani katika jiji hilo la Brazili mwaka 1989, kilianza kuwaita wakazi wapange wenyewe vipaumbele vya uwekezaji, jiji likiwa limegawanywa kanda 16. Kilichoutofautisha utaratibu huo na mikutano ya kawaida ni kanuni ya kugawa. Kanda iliyokosa huduma zaidi ilipewa uzito zaidi, kwa hesabu iliyotangazwa wazi, ili wanaopaza sauti zaidi wasichukue kila kitu. Kwa takwimu zilizotolewa na Benki ya Dunia, kaya zilizounganishwa na maji na mifereji ya majitaka zilipanda kutoka asilimia 75 mwaka 1988 hadi 98 mwaka 1997. Mambo mengine pia yalichangia, lakini wakazi walikuwa wameliweka suala la majitaka juu ya orodha na jiji likalifuata. Mwaka 2017 utawala mwingine ulisimamisha utaratibu huo, pamoja na sifa zake zote duniani.

Vyombo vya mtaa hufa kwa wepesi huo kila mahali. Italia, iliyokuwa na mabaraza ya mitaa katika miji mingi, iliyafuta kwenye miji yenye watu chini ya 250,000 kwa sababu ya kubana matumizi. Uganda iliwachagua viongozi wa LC1, baraza la ngazi ya kijiji au mtaa, mwaka 2001, kisha ikakaa mpaka Julai 2018 bila kuwachagua tena, na wakati huo wote mwananchi alikuwa akigongewa muhuri na mtu ambaye muda wake ulikuwa umekwisha. Ngazi ya chini kabisa ndiyo inayokatwa kwanza, kwa kuwa wanaoitegemea hawafikii anayekata. Ulinzi wake ni kuandikwa kwenye sheria ambayo baraza la jiji haliwezi kuibadilisha peke yake. Ufaransa ilifanya hivyo kwa sheria ya 2002 iliyoilazimisha kila manispaa yenye watu zaidi ya 80,000 kuwa na mabaraza ya mitaa. Mamlaka yake ni madogo, lakini meya hawezi kuamka siku moja akayafuta.

Nimeacha kwa makusudi kipande cha New York ambacho hakiandikwi magazetini. Kila mwaka mabaraza yale 59 huandika mahitaji ya maeneo yao na maombi yao ya bajeti: bustani ikarabatiwe, taa ziwekwe, maktaba ifunguliwe saa zaidi. Idara husika zinatakiwa kujibu maombi hayo, na maombi pamoja na majibu huchapishwa kwenye daftari la wazi. Majibu mengi ni ya kukataa. Fedha hazipo, au kazi hiyo ni ya idara nyingine, au jambo linahitaji uchunguzi. Lakini limeandikwa, lina jina la idara na mwaka wake, na mwakani mjumbe wa baraza anaweza kufungua ukurasa uleule akauliza kama uchunguzi ule umekwisha. Mwenye duka wa Koreatown mwaka 1992 hakuwa na karatasi ya namna hiyo. Kama kila ofisi iliyomwambia “si letu” ingelazimika kuyaandika maneno hayo na kutaja ni la nani, kufikia ofisi ya pili angekuwa ameshapata jina la wa kumdai kifusi chake.

Jiji lolote linaweza kuanza na daftari hilo mwezi ujao. Halihitaji kura ya maoni wala ramani mpya, na halina gharama ya kutisha. Linahitaji ofisa mmoja wa kulitunza, kanuni inayosema ombi la mtaa lijibiwe ndani ya siku 30, na mahali ambapo mtu yeyote anaweza kwenda kulisoma.